Nimepata kazi ya urubani shirika dogo Marekani: kweli nawachukulia wenzangu kazi?

RubaniMtarajiwa aliandika:

Wakuu habari za humu, na shikamoo kwa walionizidi umri. Naomba mawazo, hasa kwa walio kwenye usafiri wa anga huku Marekani.

Mimi ni Mtanzania, nafundisha urubani Arizona. Saa zangu za kuruka zinakaribia zile 1,500 zinazotakiwa, na shirika moja dogo limenipa barua ya ajira. Nitarusha Embraer 175 kwa niaba ya shirika kubwa. Nyumbani Tanga wameshafurahi. Mzee aliona picha ya ndege ikiwa na nembo ya lile shirika kubwa, akatangaza msikitini kwamba mwanawe kaajiriwa huko. Nimemweleza kwamba mwajiri wangu ni kampuni nyingine kabisa na rangi tu ndiyo ya wale wakubwa. Akaniuliza, "Sasa abiria kakata tiketi kwa nani?" Nikamwambia kwa wakubwa. Akanyamaza. Nadhani hajaridhika, na mimi mwenyewe nikifikiria sana siridhiki.

Majuzi nilikaa meza moja na kapteni wa shirika kubwa, mzee wa Kimarekani, mtu muungwana sana. Aliponiuliza ninakwenda wapi nikamtajia. Akasema, "Kila ndege mnayorusha ninyi ni kiti kilichoondolewa kwetu. Chama chetu kinapigana kuzirudisha." Hakusema kwa ubaya, na alinilipia hata chakula. Lakini kauli ile haijanitoka kichwani.

Naomba kujua, mgogoro huu ni wa nini hasa? Nikisaini nitakuwa nimeingia kwa mlango wa nyuma kwenye kazi ya mtu? Na je, kazi yenyewe itadumu?

---

Mwanahewa alijibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kufikisha saa 1,500 ukiwa mgeni, unalipa mwenyewe, unafundisha watoto wa watu kwenye joto la Arizona, si mchezo. Saini bila wasiwasi. Hakuna kazi ya mtu unayoiba.

Ila kapteni wako hakukudanganya, na nataka umwelewe, kwa sababu mimi nimekaa pande zote mbili. Nilianzia shirika dogo, sasa niko shirika kubwa, ninaishi Minnesota.

Mpango huu ni wa zamani. Mwaka 1967 shirika la Allegheny liliona kwenda Hagerstown, Maryland, kunaleta hasara, likalipa shirika dogo la Henson liende huko na ndege ndogo za pangaboi kwa jina la Allegheny Commuter. Hakuna rubani wa shirika mama, yaani lile kubwa lenye jina, aliyelalamika, maana hakuna aliyetaka safari ile. Mji mdogo ulibaki na ndege, kila mtu akaenda zake.

Mambo yalibadilika zilipokuja jeti ndogo. Shirika dogo la Comair lilianza kurusha Bombardier CRJ ya viti 50 mwaka 1993, kisha Embraer 145 zikafuata. Jeti ya viti 50 haiishii mji wa jirani. Inaweza kwenda saa mbili na zaidi, kwenye njia zilizokuwa za DC-9 na Boeing 737. Ghafla rubani wa shirika mama anaona safari yake ya jana leo inaondoka kwenye geti lile lile, kwa nambari ya shirika lile lile, ila waliomo chumba cha mbele wameajiriwa na kampuni nyingine na wanalipwa kipande cha mshahara wake.

Ndiyo maana kila mkataba wa shirika kubwa una kipengele wanachokiita skopu. Kinasema ndege za ukubwa gani shirika linaweza kumpa mkandarasi, yaani shirika dogo kama lenu, na ngapi. Zilizobaki lazima zirushwe na marubani walio kwenye orodha yake yenyewe. Kipengele hicho kililegezwa sana wakati mashirika yalipofilisika. United iliingia mahakamani Desemba 2002. Delta na Northwest ziliingia siku moja, tarehe 14 Septemba 2005. Katika miaka ile marubani walikatwa mishahara na mafao ya uzeeni, na mpaka ukasogezwa kutoka viti 50 hadi 70, halafu 76. Hapo ndipo ulipo leo kwa Delta, United na American: viti visizidi 76, na uzito wa kuruka usizidi ratili 86,000, karibu tani 39. E175 utakayorusha imekatwa kuingia humo humo.

Usidhani ni mstari wa karatasi tu. Embraer walitengeneza E175-E2 yenye injini mpya, ikazidi uzito ule, na hadi leo imesimamishwa. Mitsubishi walitumia miaka mingi na fedha nyingi mno kwa SpaceJet, nayo ikazidi, na mwaka 2023 wakaufunga mradi. United walichukua mwili wa CRJ ya viti 70 wakang'oa viti vikabaki 50, ikaitwa CRJ550, ili tu ihesabiwe kwenye fungu la ndege ndogo. Viwanda vya Brazili na Japani vimebanwa na sentensi iliyomo kwenye mkataba wa marubani wa Marekani.

Sasa nifike kwenye jambo linalokuhusu wewe. Shirika mama ndilo linalopanga njia, ratiba na nauli, na mara nyingi ndilo linalonunua mafuta. Shirika dogo linaleta marubani, wahudumu na mafundi, linalipwa kwa kila safari inayoondoka. Fikiria hapo: kama bei ya tiketi si yako, njia si yako, mafuta si yako, utashindana na mkandarasi mwenzako kwa kitu gani? Kinabaki mshahara wa watu. Na mshahara wa rubani unapanda kwa miaka aliyokaa. Kwa hiyo shirika dogo lenye makapteni wa miaka 15 ni ghali, na lile lililojaa vijana wapya ni rahisi. Ukikaa muda mrefu, ukawa mzoefu, ukawa kapteni mzuri, unalifanya shirika lako lishindwe zabuni. Sijui sekta nyingine ambako uzoefu wa mfanyakazi unahesabiwa hivyo dhidi yake, na hilo limeniudhi kwa miaka.

Nimeliona kwa macho. Katika shirika nililoanzia uongozi ulituita, ukatuambia tusipokubali kupunguziwa, ndege zitapelekwa kwa shirika fulani. Jioni nikampigia rafiki yangu aliyekuwa kwenye shirika hilo fulani. Akaniambia wao asubuhi ile wameambiwa wasipokubali, ndege zitaletwa kwetu.

Si sisi tu. Mwaka 2014 marubani wa Envoy, walio chini ya American, walipiga kura kukataa mkataba wa kuwapunguzia, na uongozi ukasema wazi kwamba shirika lao litapunguzwa. Na mwaka 2020, Korona ilipoingia, Compass, Trans States na ExpressJet zote ziliacha kuruka. ExpressJet iliwahi kuwa na mamia ya ndege. Kapteni wa hapo mwenye miaka 20 alipoenda kuomba kazi kwingine alipangwa chini kabisa ya orodha, nyuma ya kijana aliyemaliza mafunzo wiki moja kabla yake. Ukongwe wa rubani huku hauhami naye. Kituo, likizo, aina ya ndege, siku ya Idd ukiwa nyumbani au hotelini Omaha, vyote vinatokana na nambari yako kwenye orodha ya shirika moja. Shirika likifa, nambari inakufa.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Utakapofika huko utasikia wenzako wakiomba ndege kubwa zaidi ziletwe kwenu, za viti 90 au 100, wakisema ndiyo mishahara itapanda. Usiziombe. Tazama Airbus A220 za Delta. Zile ndogo zina viti 109, na zinarushwa na marubani wa Delta wenyewe, kwa mshahara wa Delta, kwa sababu mkataba unakataza kumpa mtu mwingine. Viti vile vya mbele ndivyo unavyovitaka wewe baada ya miaka mitano. Ndege ile ikishushwa kwa mkandarasi, wewe hujapandishwa. Kile ulichokuwa unakipandia ndicho kimeshushwa kwako, kwa bei ya hapo ulipo, na juu hakuna nafasi tena. Mpaka ule kapteni wako anaoulinda unalinda maisha yako ya mbele kuliko ya kwake. Yeye anakaribia kustaafu.

---

BintiKilindini alijibu:

Kaka Mwanahewa, umeeleza vizuri na sipingi hesabu zako. Lakini kuna mahali umeruka, na kijana anastahili kusikia yote.

Mimi ni kapteni wa shirika dogo hadi leo, wa Mombasa, na sioni haya kusema hivyo. Hizo jeti hazikushuka zenyewe kutoka mbinguni. Marubani wa mashirika makubwa walizipigia kura. Walipoletewa mkataba wenye nyongeza nzuri ya mshahara na ruhusa ya jeti ndogo nyuma yake, wengi walichukua nyongeza. Waliona CRJ si ndege ya hadhi yao. Leo ndio wanaotuambia tumekalia viti vyao.

Kisa cha Comair usikisahau. Delta ilinunua shirika dogo la ASA mwaka 1999 na Comair mwaka 2000, zikawa mali yake kabisa. Marubani wa mashirika hayo mawili wakaomba jambo la haki: mwenye ndege ni mmoja, tuwekeni kwenye orodha moja ya ukongwe na wa Delta. Wote walikuwa chama kimoja cha marubani, ALPA. Wakakataliwa, ikafika mpaka kesi mahakamani dhidi ya chama chao wenyewe. Lau wangekubaliwa, huu ukandarasi ungepungua sana kwa Delta, maana ASA na Comair zisingekuwa tena orodha za bei rahisi za kukimbilia.

Mwaka 2001 wa Comair waligoma siku 89. Shirika zima lilisimama. Walipata mkataba bora, na kwa miaka michache mishahara yao ilikuwa ya kujivunia. Kisha kidogo kidogo kazi ikahamishiwa kwa wengine waliokuwa rahisi zaidi, na mwisho wa Septemba 2012 Comair ikafungwa. Kila rubani wa shirika dogo anakijua kisa hicho, na uongozi unajua kwamba tunakijua.

Nimewahi kutua LaGuardia usiku wa mvua na upepo wa ubavu, mbele yangu Boeing ya shirika mama, nyuma yangu nyingine. Njia ya kutua ni moja, mwongozaji ni mmoja, leseni niliyo nayo ni sawa na ya kapteni wa mbele, daktari anayetupima ni wa aina moja na mtihani wa simuleta ni ule ule. Halafu asubuhi tunakutana kwenye basi la hoteli, mmoja wao anamwambia rubani msaidizi wangu, "Siku moja utapata kazi ya kweli." Mdogo wangu, usikubali mtu akwambie hivyo. Kazi ya kweli ndiyo hiyo unayoianza.

Skopu nzuri naiunga mkono. Lakini skopu inayowazuia wenye kampuni bila kuwafungulia mlango marubani waliopo chini ni nusu ya kazi. Wangedai pia kwamba kila rubani wa mkandarasi awe na nambari yake kwenye orodha ya shirika mama tangu siku ya kwanza.

---

Mtoto_wa_Uvira alijibu:

Jambo ndugu zangu. Mimi si rubani, ni abiria tu, naishi Buffalo, New York, Wakongo tuko wengi hapa. Nasoma nikiwa na swali. Tiketi yangu ya kwenda Chicago ina jina kubwa juu, na chini maandishi madogo yenye jina ambalo sijawahi kulisikia. Jirani yangu mzee bado anasimulia ile ndege iliyoangukia nyumba mwaka 2009 hapa Clarence Center. Anasema ilikuwa na jina la Continental lakini haikuwa ya Continental. Sasa mnisaidie, niogope?

---

Mwanahewa alijibu:

Ndugu wa Uvira, usiogope, na nashukuru kwa kuuliza, kwa sababu kanuni ya yale maandishi madogo ilikazwa kwa sababu ya ndege hiyo hiyo.

Ilikuwa safari 3407, usiku wa tarehe 12 Februari 2009, kutoka Newark. Tiketi zilikuwa za Continental, warushaji walikuwa Colgan Air, ndege ilikuwa Dash 8 Q400. Ikikaribia kutua mwendo ulipungua mno, usukani ukatikisika kumwonya rubani, naye akauvuta badala ya kuusukuma, mabawa yakashindwa kuibeba. Walikufa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja ndani ya nyumba. Uchunguzi uliweka chanzo kwenye kitendo hicho cha kapteni. Lakini ulipofunuliwa, nchi nzima ilisikia jinsi marubani wa mashirika madogo walivyoishi: rubani msaidizi alitoka Seattle, akavuka bara usiku kucha kwa ndege nyingine ili afike kazini, akapumzika kwenye chumba cha marubani pale uwanjani. Wengi wetu tuliposikia tuliona maisha yetu yakisomwa hadharani.

Familia za waliokufa hazikurudi nyumbani. Walikwenda Washington tena na tena wakiwa wameshika picha za watu wao, hadi sheria ikasainiwa Agosti 2010. Humo ndimo zilimotoka saa 1,500 anazozihesabu kijana wetu, kanuni mpya za mapumziko, na amri kwamba tovuti inapokuuzia tiketi ikwambie mwanzo kabisa nani atakayeirusha ndege. Watu wa kwenu Buffalo wamewasaidia abiria wote wa nchi hii, mwambie jirani yako hivyo. Ile ajali ya Washington ya Januari 2025, ambapo ndege ya shirika dogo la PSA iligongana na helikopta ya jeshi, ni jambo jingine.

Leo marubani wa shirika dogo wanafunzwa na kupimwa kwa kanuni zile zile. Hofu yangu iko kwenye shinikizo la kurudi nyuma. Mwaka 2022 shirika dogo la Republic liliomba wahitimu wa chuo chake waajiriwe kwa saa 750, nusu ya zile za sheria, na mamlaka ya anga, FAA, ikakataa. Mwaka ule ule SkyWest, shirika dogo jingine, iliomba kuanzisha kampuni ya pembeni yenye ndege za viti 30, chini ya kanuni zinazodai saa chache zaidi, na ALPA ikapinga. Kila gharama inapobanwa, mtu anatafuta mlango mwingine wa kupitia, na ndiyo sababu siachi kuhudhuria mikutano ya chama hata nikiwa nimechoka.

BintiKilindini, dada, kuhusu orodha moja sina jibu la kukupinga. Walikosea kukataa. Na kauli ya kwenye basi ni ya aibu, nimewahi kuisikia nikiwa upande wako.

---

RubaniMtarajiwa aliandika:

Ahsanteni sana, nimesoma mara mbili. Mahojiano ya mwisho ni Alhamisi. Niwaulize nini? Na je, mshahara ni kweli si ule wa zamani?

---

Mwanahewa alijibu:

Mshahara umebadilika sana. Vijana wa kabla ya 2009 walianza na dola 20,000 na ushee kwa mwaka, wengine chini ya hapo. Mwaka 2022, marubani walipoadimika, Piedmont, Envoy na PSA zilipandisha hadi dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza, na wengine wakafuata. Lakini kumbuka kwamba saa inahesabiwa tangu ndege inapoondoka getini. Ukikaa uwanjani saa tatu ukisubiri theluji isafishwe, muda huo kwa kawaida haulipwi kama saa ya kuruka.

Alhamisi waulize mkataba wao na shirika mama unaisha mwaka gani, na ndege ni mali ya nani. Kama ndege ni za shirika mama, zinaweza kuondoka kwa barua moja. Waulize kama kuna njia ya kupanda moja kwa moja kwenda shirika mama, na watu wangapi wamepanda mwaka jana. Ahadi ya kwenye kipeperushi haitoshi. Waulize pia chama cha marubani ni kipi. Republic wana Teamsters, wengi wana ALPA, na SkyWest hawana chama cha namna hiyo. Mimi nisingeenda pasipo na mkataba wa chama, ila wapo wanaoridhika huko.

---

BintiKilindini alijibu:

Ongeza moja, kaka. Asome kifungu cha kurudisha gharama za mafunzo kabla ya kusaini. Baadhi yao wanakudai maelfu ya dola ukiondoka kabla ya muda, na bakshishi ya kujiunga nayo huwa na masharti yake nyuma ya karatasi. Waombe nakala ukaisome nyumbani. Wakikunyima nakala, rudi hapa utuambie kabla hujashika kalamu.